Ng'ombe akiumwa kiwele: kazi ya majani na kazi ya antibiotiki



Wanaouza mashanza wanajua hasara hii. Umenunua maziwa asubuhi, umeyachemsha, umeyapoza, umetia mashanza kidogo ya jana kama mbegu, na kesho yake yangali maji matupu. Tunasema chombo kilikuwa kichafu, ama baridi ya usiku ilizidi. Pengine ni kweli. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho: ng'ombe alipewa antibiotiki, na mwenye ng'ombe hakungoja siku za dawa ziishe ndipo auze. Dawa iliyotumwa kuua vijidudu vya ugonjwa imeua pia vijidudu vizuri vinavyogandisha maziwa. Mtengeneza jibini naye anapata hasara ileile. Na maziwa hayo, mtoto wako anayanywa.

Mara nyingi ugonjwa unaoleta sindano hiyo ni ugonjwa wa kiwele, ambao Wafaransa wanauita mammite. Ndiyo maana wamama wengi wanauliza: si tuache antibiotiki, tutumie majani yetu? Swali ni zuri, lakini jibu lake lina sehemu mbili.

Ugonjwa unaingiaje?

Kiwele cha ng'ombe kina vyumba vinne, cha mbuzi viwili. Kila chumba kina chuchu yake, na tundu la chuchu ndilo mlango wa vijidudu. Vinatoka kwenye mavi, kwenye matope, kwenye mikono ya mkamuaji, ama kwenye kitambaa kimoja kilichopanguza ng'ombe watano. Chumba kinavimba, kinapata moto, mnyama anarusha teke ukimgusa. Maziwa yanatoka na mabonge, ama kama maji, ama na damu.

Kuna pia ugonjwa wa kujificha. Kiwele kinaonekana kizima, maziwa ni meupe, ila yanapungua polepole. Huu unaweza kuupima nyumbani. Koroga gramu 30 za sabuni ya unga katika litre moja ya maji. Katika kisahani, changanya maziwa ya chuchu moja na maji hayo ya sabuni kwa kipimo sawa, zungusha kwa dakika moja. Yakibaki mepesi, ni vizuri. Yakivutana kama uji mzito, chumba hicho kina ugonjwa. Pima kila chuchu peke yake, kisha mwaga maziwa ya kipimo.

Kwa nini dunia inatafuta majani?

Antibiotiki ni zawadi kubwa. Tangu Alexander Fleming alipogundua penisilini huko London mwaka 1928, watu na wanyama wasiohesabika wamepona. Lakini Fleming mwenyewe, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kidogo, vijidudu vitajifunza kuizoea. Ndivyo ilivyokuwa. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa. Kila sindano ya nusu-nusu kwa ng'ombe, na kila vidonge vitatu vya kununua kwenye meza ya sokoni, vinaongeza shida hiyo.

Ndiyo sababu nchi nyingine zimebana mkono. Marekani, ng'ombe wa maziwa yanayouzwa kama ya asili akipewa antibiotiki, maziwa yake hayawezi tena kuuzwa kwa jina hilo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2022 sheria inakataza kuwapa wanyama antibiotiki kwa mazoea tu. Wafugaji wa huko wanauliza swali lilelile la kwetu: mmea gani unaweza kusaidia?

Majani yanaweza nini?

Sisi wa Kivu hatuwezi kudharau mimea. Kwinini inatoka katika maganda ya mti wa kinkina, na kiwanda cha Pharmakina pale Bukavu kinaitengeneza. Umuravumba, unaojulikana sana Rwanda na Burundi, nao umechunguzwa: katika miaka ya 1980 watafiti walitoa katika majani yake kitu kinachozuia vijidudu kadhaa. Kitunguu saumu na mafuta ya majani ya thyme pia vinaua vijidudu vya kiwele katika chupa ya maabara.

Lakini angalieni neno hilo: katika chupa. Ndani ya kiwele kuna maziwa, mafuta, na nyama iliyovimba. Dawa inapaswa kufika mahali vijidudu vilipojificha, tena kwa kipimo cha kutosha. Maganda ya kinkina yalikuwa dawa ya kutegemewa zaidi pale watu walipojua kupima kwinini iliyo ndani yake. Majani mengi ya kiwele bado hayajafika hapo. Waliokusanya majaribio yaliyofanywa kwa ng'ombe wameona kwamba ushahidi ungali mdogo.

Iko na jambo lingine. Ugonjwa mwepesi wa kiwele, hasa ule wa vijidudu vinavyotoka kwenye mavi, mara nyingi unapona wenyewe kwa siku chache. Mtu akipaka jani siku ya pili, na siku ya nne ng'ombe akapona, jani linapata sifa. Wazee walisema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Kwa hiyo tusiulize tu, "Ng'ombe alipona?" Tuulize pia, "Wangapi walipakwa na hawakupona?"

Mfano wa India

Nchi iliyojaribu kupanga jambo hili vizuri ni India, ambako familia nyingi zina ng'ombe mmoja ama wawili kama sisi. Bodi ya taifa ya maziwa ya huko, yenye makao katika mji wa Anand, inawafundisha wafugaji dawa ya kupaka kwa kipimo kinachojulikana: gramu 250 za majani ya aloe vera, gramu 50 za unga wa manjano, na gramu 15 za chokaa. Vinasagwa pamoja mpaka vinakuwa uji mwekundu; manjano inabadilika rangi ikikutana na chokaa. Wanakamua kwanza maziwa yote ya chumba kinachoumwa, wanaosha kiwele, kisha wanachukua kiganja kimoja cha uji huo, wanauongeza maji, na kupaka kiwele chote kwa nje. Wanarudia karibu mara kumi kwa siku, kwa siku tano, na kila siku wanatengeneza mpya.

Mkitaka kuijaribu, mwonyesheni kwanza veterineri wenu, na shikeni haya manne:

1. Ni ya kupaka nje tu. Usiingize kamwe maji ya majani ndani ya tundu la chuchu. Utapeleka uchafu na ukungu ndani, na chumba kinaweza kufa kabisa.

2. Chokaa iwe ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Chokaa hai inachoma mikono yako na ngozi ya mnyama.

3. Osha kiwele vizuri kabla ya kukamua tena, na kabla ndama hajanyonya. Maziwa yenye mabonge ama damu yasinywewe wala kuuzwa.

4. Kukamua mara kwa mara mpaka kiwele kiwe kitupu ni sehemu ya matibabu. Jani juu ya kiwele kilichojaa haliondoi kilicho ndani.

Wakati wa kuita veterineri

Kuna siku ambapo kungojea jani ni kumpoteza ng'ombe. Mwite veterineri mara moja mnyama akikataa majani, akiwa na homa, akilala bila kusimama, maziwa yakiwa kama maji ama na damu, ama kiwele kikiwa cha baridi na rangi ya bluu. Hata ugonjwa ukiwa mwepesi, usipopungua kwa siku mbili, mwite. Hapo antibiotiki inaweza kuhitajika, na si aibu kuitumia. Aibu ni kuitumia vibaya.

Dawa ikitolewa, imalizwe kama ilivyoandikwa. Muulize veterineri: "Maziwa nisiyauze siku ngapi?" Dawa nyingi zinahitaji siku tatu ama nne, nyingine zaidi. Andika tarehe ukutani. Wala tusijidanganye kwamba kuchemsha kunaondoa dawa. Moto unaua vijidudu. Mabaki ya dawa nyingi yanabaki.

Dawa isiyo na bei

Kinga inashinda jani na sindano. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe. Kila mnyama awe na kitambaa chake safi. Kamulia matone ya kwanza katika kikombe cheusi, uone kama yana mabonge. Anayeumwa akamuliwe wa mwisho. Baada ya kukamua, mpe majani ale akiwa amesimama, maana tundu la chuchu linahitaji karibu nusu saa kujifunga; akilala mapema juu ya mavi, mlango uko wazi.

Na ziwa la mama je?

Wamama wanaonyonyesha nao wanapata ugonjwa huu. Uji ule wa ng'ombe usipakwe kamwe kwenye ziwa la mama: chokaa ni hatari kwa ngozi yako na kwa kinywa cha mtoto. Usichanje ziwa wala kulikanda kwa nguvu. Endelea kunyonyesha, maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla kunazidisha ugonjwa. Weka kitambaa cha maji baridi, pumzika, kunywa paracetamol kwa maumivu. Homa ikipita siku moja, ama ukiona uvimbe mgumu usiopungua, ama usaha, nenda kituo cha afya. Mama anayeishi na VIH aende siku hiyohiyo, auambie uuguzi wa kituo kabla ya kuendelea kumpa mtoto ziwa hilo.

Ya kuzungumza katika kikundi

Katika mkutano wenu wa juma hili, jibuni pamoja: Nani kati yetu atakuwa na sabuni ya kupima maziwa ya ng'ombe wote wa kikundi? Tukinunua maziwa, je, tunamuuliza muuzaji kama ng'ombe alipewa dawa? Na mwenye ng'ombe aliye katika siku za dawa, tutamsaidiaje asilazimike kuuza? Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Anayeuza maziwa yenye dawa mara nyingi si mtu mbaya. Ni mama anayehitaji franka za shule. Kikundi kikimkopesha kidogo kwa siku hizo nne, kitakuwa kimelinda mashanza ya mwingine, na tumbo la mtoto wa jirani.