Tiba ya saratani ya ini kwa msaada wa picha

Tiba ya saratani ya ini kwa msaada wa picha ni jina la pamoja la njia za kutibu uvimbe wa saratani ndani ya ini bila kupasua tumbo. Daktari huingiza sindano ndefu au mrija mwembamba kupitia tundu dogo la ngozi, huku akifuata mwendo wake kwenye skrini ya ultrasaundi, eksirei au CT-skani.

Saratani inayoanzia kwenye ini mara nyingi huota katika ini lililokwisha kujaa makovu (sirosisi) kutokana na homa ya ini aina ya B au C, au pombe. Ini la namna hiyo likikatwa kipande, kinachobaki huenda kisitoshe kuendesha mwili. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hawafai kwa upasuaji.

Kuunguza uvimbe

Ncha ya sindano hufikishwa ndani ya uvimbe, kisha hutoa joto kwa mawimbi ya redio au ya maikrowevu. Joto likipita nyuzi 60 hivi seli hufa, kama ute wa yai unavyoganda katika maji ya moto. Uvimbe usiozidi sentimita 3 ndio unaofaa zaidi, na hapo mgonjwa anaweza kupona kabisa. Ukiwa jirani na mshipa mkubwa, damu inayopita hupoza mahali hapo na baadhi ya seli zinaweza kunusurika.

Kuziba ateri

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Vena ya lango, itokayo kwenye utumbo, huleta karibu robo tatu; ateri ya ini huleta iliyobaki. Uvimbe wa saratani, tofauti na ini lenyewe, hulishwa hasa na ateri. Tiba nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo: tawi la ateri likizibwa, uvimbe hukosa oksijeni ilhali ini huendelea kuishi kwa damu ya vena.

Mrija huingizwa kwenye ateri ya kinena au ya mkono na kusukumwa hadi kwenye tawi linalolisha uvimbe. Hapo humiminwa dawa ya saratani, kwa mfano doksorubisini, kisha tawi huzibwa kwa chembe ndogo. Njia hii iliendelezwa Japani katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2002 majaribio mawili, la Barcelona na la Hong Kong, yalionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri waliishi muda mrefu zaidi. Kwa kawaida haiondoi saratani yote. Homa, maumivu na kichefuchefu vya siku chache ni jambo la kutarajiwa.

Ikiwa saratani imekwisha kuziba shina la vena ya lango, kuziba ateri pia ni kulinyima ini njia zote mbili. Baadhi ya wagonjwa hao hupewa chembe za mionzi za yitri-90 kupitia ateri.

Afrika Mashariki

Homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga husababisha saratani hii hata kwa watu wasiofika uzee, na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa mno. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kilianza kufundisha mabingwa wa tiba hizi. Wenye sirosisi hushauriwa kupimwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, ili uvimbe uonekane ungali mdogo wa kuweza kuunguzwa.