Jumba la Kiingereza Sebuleni kwa Mmarekani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuatilia jinsi tamthilia za Uingereza ya zamani zilivyovuka bahari. Tuliona jinsi The Forsyte Saga ya BBC, yenye vipindi 26, ilivyowanasa watazamaji wa Marekani mwaka 1969 na 1970, na jinsi mafanikio hayo yalivyozaa Masterpiece Theatre. Hiyo ilianza kurushwa na PBS Januari 1971, ikiandaliwa na kituo cha WGBH cha Boston na kugharimiwa na kampuni ya mafuta ya Mobil. Leo tulijibu swali lililobaki. Taifa lililopigana vita ili liachane na mfalme, na ambalo Katiba yake inaikataza serikali kutoa vyeo vya ukabaila, linapata nini kwa kuwatazama malodi na watumishi wao?

Wengi hujibu kwamba ni magauni, mandhari na lafudhi. Hayo yapo, na si ya kubezwa. Lakini gauni zuri peke yake halimrudishi mtu mbele ya runinga kila Jumapili usiku, msimu baada ya msimu.

Tuchukue Downton Abbey, iliyobuniwa na Julian Fellowes na kupigwa picha katika jumba la Highclere, Hampshire. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010 na kufika PBS Januari 2011. Msimu wa nne ulipofunguliwa Marekani Januari 2014, zaidi ya watu milioni 10 waliutazama. Kipindi cha kwanza kinaanza Aprili 1912, Titanic ikiwa imezama. Familia ya bwana bado imelala, lakini huku chini watumishi wanawasha moto, wanafungua madirisha na kulipiga pasi gazeti. Msichana wa jikoni anauliza gazeti linapigiwa pasi ya nini, anaambiwa ni ili wino ukauke. Kwa jambo hilo dogo mtazamaji ameshauelewa utaratibu mzima wa jumba: kila mtu ana ngazi yake, kazi yake na kiti chake mezani.

Marekani nayo ina matabaka, ila ni mwiko kuyataja. Mtoto hukua akiambiwa kwamba mwenye bidii atapanda, hivyo akikwama hujilaumu mwenyewe. Downton humpa nafasi ya kuyatazama matabaka hadharani, bila kumwonyesha ya kwake.

Pamoja na hayo, anaonyeshwa tabaka lenye huruma. Mpishi, Bi Patmore, anaanza kupofuka kwa mtoto wa jicho na anaficha kwa hofu ya kufukuzwa. Lord Grantham, bwana wa jumba, hamfukuzi, bali anampeleka London akafanyiwe upasuaji kwa gharama yake. Wamarekani waliliona tukio hilo mapema mwaka 2011, wakati mvutano juu ya sheria ya afya aliyoitia saini Rais Barack Obama Machi 2010 ulikuwa bado mkali, na mamilioni walikuwa wamepoteza ajira katika msukosuko wa uchumi ulioanza miaka michache nyuma. Kwa mtu anayeogopa kuugua kwa sababu hana bima, bwana wa namna hiyo ni faraja kubwa.

Lakini kwa nini faraja hiyo haitafutwi katika majumba ya Marekani yenyewe? Hapa ndipo naiona sababu kuu. Majumba ya mabwana wa kusini, kuanzia Virginia hadi Louisiana, yalisimama katikati ya mashamba ya tumbaku, pamba na miwa, na walioandaa meza zake walikuwa Waafrika waliouzwa na kununuliwa. Tamthilia ya Roots ilipoonyeshwa na ABC Januari 1977, mamilioni ya Wamarekani waliyatazama majumba hayo kwa macho ya mtumwa. Baada ya hapo ni vigumu kuyafurahia kwa moyo mweupe. Jumba la Kiingereza humpa mtazamaji bwana, mtumishi, mali na adabu, pasipo mnyororo kuonekana.

Mnyororo ulikuwepo, ila ng'ambo ya bahari. Harewood, jumba mashuhuri la Yorkshire lililoanza kujengwa mwaka 1759, lilijengwa kwa utajiri ambao familia ya Lascelles iliuchuma West Indies katika sukari na utumwa. Kamera inayokaa Yorkshire haiyafikii mashamba ya West Indies, na mtazamaji hupumzika kwa sababu haifiki huko.

Siwalaumu wanaozipenda tamthilia hizi. Kutamani kazi ya uhakika, na kutamani kuthaminiwa na anayekuajiri, ni haki ya kila binadamu. Kosa ni kudhani kwamba mlango wa haki hiyo ni hisani ya bwana. Waingereza wenyewe hawakuridhika na hisani hiyo. Julai 1948 walianzisha huduma ya taifa ya afya inayogharimiwa na kodi, na tangu hapo mpishi mwenye mtoto wa jicho hutibiwa kwa sababu ni mkazi wa nchi, hata kama mwajiri wake hana huruma. Mmarekani anayemlilia Bi Patmore angepata mengi zaidi kwa kuisoma historia hiyo.

Katika sehemu ya tatu tutawaangalia mabinti wa matajiri wa Marekani walioolewa katika majumba hayo, akiwemo Consuelo Vanderbilt, aliyeolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1895.