Je, Wajua? Kukandwa Huwaongezea Njiti Uzito
Watoto njiti waliokandwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa kasi iliyowazidi wenzao kwa asilimia 47. Ndivyo walivyoonyesha Tiffany Field na wenzake huko Miami, Marekani, mwaka 1986. Pengine walikunywa maziwa mengi zaidi, au walilala zaidi? La. Maziwa yalikuwa kiasi kilekile, na waliokandwa ndio waliokaa macho na kuchangamka zaidi. Maelezo yenye nguvu ni neva ya vagasi: mkono ukikandamiza kwa wastani, neva hiyo huliamsha tumbo, chakula kikasagwa vyema. Kupapasa juujuu hakutoshi. Tena, na hili ni kubwa kwa mama yeyote, waliokandwa walitoka hospitalini siku 6 mapema kuliko wenzao.