Makindu: Zima Ndai, Shuka

Wasee wa Kanairo wakidunda Mombasa huwa na mwendo mmoja tu: mafuta imekanyagwa kutoka Mlolongo, mnashuka Mtito kukojoa, mnanunua soda ya bei ya madharau, mnahepa. Ukifika bichi, stori ya njia uko nayo ni ya matrela pekee. Buda, next time simama Makindu.

Hapo kuna hekalu ya Masingasinga, ilijengwa 1926. Hii reli ya zamani ilitandikwa na wasee walitolewa India, na Masingasinga walikuwa ndani. Chuma ikasonga mbele, sala ikabaki. Mpaka wa leo ukizama pale unadishi bure. Haijalishi ni dini gani: dere wa trela, mtalii, wewe na mabeshte zako mmesota. Njumu zinabaki nje, kichwa unafunga kitambaa, mikono unaosha, unashika sahani ya chuma. Dengu, mchele, chapo laini, chai ya maziwa juu yake. Nyama hakuna, na wala hautaiulizia. Ila usijaze sahani mlima juu ni ya bure. Chota ya kumaliza. Mfuko ikiruhusu, dondosha kitu ukitoka.

Wengi wakishashiba wanarudi kwa ndai mbio. Hapo ndio wanabugi. Zama mtaani kiasi. Ukipata mathe wa maembe, msalimie kwanza, "Uvoo waku?" Ukianza na bei, utauziwa kama mgeni, na haki yake. Hii ni Makueni, maembe wanaijua kukuliko. Kisha tafuta kibanda uitishe muthokoi, ile mahindi imetwangwa maganda ikatoka, ikachemshwa na maharagwe. Ni dishi nzito, si ya mtu ameshika usukani. Dere akunywe chai.

Halafu cheki vile vilima kwa umbali. Hizo ni Chyulu. Mvua ikinyesha huko inazama kwa mawe ya volkano, inapita chini kwa chini hadi chemchemi za Mzima, na kutoka pale kuna bomba inashuka mpaka Mombasa. Kumaanisha, maji utaoga huko chini ukitoa chumvi ya bahari, huenda ilianza safari hapa kabla yako.

Fegi na chupa ziache kwa ndai. Hekaluni haziingii, na wenyewe hawana mchezo na hiyo sheria.