Uvuvi wa Kipupwe Bwejuu

Kipupwe, yaani majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti, huja pamoja na upepo wa kusi, na kwa kuwa kijiji cha Bwejuu, kilichopo baina ya Paje na Michamvi katika pwani ya mashariki ya Unguja, kimeukabili upepo huo bila ya kinga, ni mahali pazuri pa kutazama namna baridi inavyougeuza uvuvi katika nchi ya joto. Upande huo wa kisiwa ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo mvua huzama ndani yake bila ya kufanya mto, na kitoweo cha kijiji hutoka baharini.

Baridi yenyewe haina budi kupimwa kwanza. Maji ya bahari, ambayo mwezi wa Machi hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, hushuka hadi kiasi cha nyuzi 25 ifikapo Agosti, tofauti ambayo mvuvi wa Norway angeicheka, ingawa mtu aliyesimama muda mrefu katika maji ya kiunoni, upepo ukimpiga nguo mbichi, haoni cha kuchekesha. Mwili wa samaki walio wengi hufuata joto la maji, na kwa hiyo katika mito ya Ulaya wakati wa barafu wengi wao hutulia kwenye vilindi, hula kidogo na hushika chambo kwa nadra. Nyuzi 25 za Bwejuu ziko mbali na hali hizo, wala hazitoshi kumzuia samaki asile. Kinachomtenga na mvuvi ni upepo.

Sababu imo katika umbo la pwani. Mbele ya kijiji, mbali na ufuo, umelala mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi ya bahari kuu, na ndani yake pana maji mafupi yenye mchanga na majani ya bahari. Ngalawa, yaani mtumbwi wa tanga wenye mbao za kuelea zilizofungwa pande zote mbili, hutoka nje kwa kupita mlango, ambao ni pengo katika mwamba huo. Kusi likikaza, mawimbi huvunjika kwenye mwamba na mlangoni, na chombo cha tanga kikipita hapo hujiweka hatarini. Ndiyo maana baadhi ya wavuvi wa visiwani huenda dago, yaani huhamia kwenye kambi za uvuvi zilizo katika pwani yenye kinga, na wanaobaki huvua ndani ya mwamba.

Huko ndani dema hufaa zaidi. Dema ni mtego uliosukwa kwa vipande vyembamba vya miti, wenye mdomo mpana kwa nje unaozidi kubana kuelekea ndani, hata samaki akishaingia hupata tabu kuiona njia aliyojia. Anayemtaka tasi, samaki alaye majani, hutia mwani ndani yake kuwa chambo, kisha huuzamisha mtego kwa mawe katika majani ya bahari. Kazi hii haihitaji tanga wala injini, ila inahitaji kujua mahali, na ujuzi huo haununuliki dukani.

Maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3, mwamba hufikika kwa miguu. Kwa kawaida maji ya bamvua hufika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na wanawake kwa wanaume hutoka na vyuma vyao kwenda kuchokoa pweza. Mchokoaji mzoefu hamtafuti pweza mwenyewe, ambaye hubadili rangi akafanana na jiwe. Hutafuta tundu lenye magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni, na vijiwe vilivyokusanywa kana kwamba mtu amejenga ukuta. Kusi likirusha mawimbi juu ya mwamba, muda wa kuchokoa hupungua hata siku za bamvua.

Pweza hukua upesi mno, na jike, akishataga, huacha kula, akayalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Akichokolewa kabla ya hapo, kizazi kizima hupotea. Kwa sababu hiyo baadhi ya vijiji vya Zanzibar hufunga sehemu za miamba kwa miezi michache, utaratibu wa busara, japo mzigo wake huwaelemea kwanza wasio na chombo cha kwendea kwingine.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ya wageni wengi, hivyo hoteli za pwani hiyo huhitaji samaki zaidi wakati uleule ambapo mlango wa mwamba haupitiki kwa urahisi. Bei hupanda, mvuvi aliyepata hufaidika, na jirani yake asiyevua hushindana na jiko la hoteli kwa samaki walewale wachache wa ndani ya mwamba.