Chai ya rangi, sufuria na aluminiamu mwilini

Mti wa chai hupenda udongo wenye tindikali, kama wa milima ya Teza na Rwegura nchini Burundi, na mizizi yake hunyonya aluminiamu iliyomo. Madini hayo hujikusanya majanini, na jani kuukuu huwa nayo mengi kuliko changa. Lita moja ya chai ya rangi huweza kuwa na miligramu 2 hadi 6.

Lakini anayemaliza chupa nzima mpakani akingoja mzigo wake ukaguliwe asishtuke. Katika kila miligramu 1,000 zinazomezwa, takribani 3 tu hupenya hadi kwenye damu. Nyingine hutoka na choo. Zilizopenya huchujwa na figo, ingawa chache hubaki mifupani. Mwaka 2011 wataalamu wa FAO na WHO waliweka kikomo cha miligramu 2 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito, yaani 120 kwa mtu wa kilo 60. Lita moja kila siku haifikishi hata 50.

Ndimu huzidisha kiasi kinachopenya. Mwenye figo mbovu ndiye wa kujihadhari hasa, pia na dawa za kiungulia zenye aluminiamu.

Sufuria je? Mchuzi wa nyanya au ukwaju ukilala humo hula chuma. Zile za kienyeji, zinazosubuwa kwa vipuri chakavu vya magari, zina ubaya zaidi: utafiti wa Kameruni uliochapishwa 2014 ulikuta zinatoa hata risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Pikia, kisha hamishia mchuzi kwenye bakuli la kioo.