Shubiri, Ute na Ahadi ya Ujana

Kwa msomi wa fasihi ya Kiswahili, shubiri ndiyo kipimo cha uchungu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno subira. Hata hivyo, katika maduka ya vipodozi mjini Nakuru mmea huo hufahamika zaidi kwa jina la aloe vera, ukiambatana na ahadi ya kuondoa makunyanzi. Makala haya yananuia kufafanua kilichofichwa na jina hilo.

Kwanza, mshubiri si mmoja. Ule unaoota wenyewe katika nyanda kavu za Baringo na Laikipia ni Aloe secundiflora, ambao Wamaasai huuita osuguroi. Aloe vera ni spishi nyingine, yenye asili ya Bara Arabu. Pili, jani la mshubiri lina vitu viwili. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, unaoendesha tumbo. Huo ndio shubiri ya washairi na waganga. Ndani kabisa mna ute usio na rangi, nao ndio utiwao katika krimu.

Je, ute huo hurejesha ujana? Takriban asilimia 99 yake ni maji, na sukari changamano zilizomo hushikilia unyevu. Ngozi kavu ikipata unyevu hulainika, na mikunjo midogo hufifia kwa muda. Lakini kisababishi kikuu cha makunyanzi ya mapema ni miale ya jua, ambayo huharibu kolajeni, protini inayoikaza ngozi. Nakuru iko karibu na Ikweta, mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Miale yake ni mikali. Kofia na kivuli huikinga ngozi kuliko ute.

Aidha, mkanganyiko wa majina una gharama. Uvunaji wa mishubiri ya mwituni ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka wa 1986, kisha kanuni za mwaka wa 2007 zikaweka utaratibu wa leseni. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini nao husimamia mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Hivyo basi, anayeuita mshubiri wa Baringo aloe vera humpotosha mnunuzi na pia huunyima mmea huo ulinzi wa sheria.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lebo za vipodozi zikiandikwa kwa Kiswahili, yafaa zitenganishe mshubiri, shubiri na ute: mmea, utomvu wake mchungu, na majimaji ya ndani. Msamiati huo upo tayari. Kilichobaki ni kuutumia.